Muhasaba wa Isihaka Mpiga Picha

Mume wangu Isihaka alipata uwalii mwaka sabini na tatu, na aliupata kwa kamera. Wenzake huutafuta kwa kufunga na kulisha mayatima. Yeye aliupata kwa kupiga picha bakuli la uji.

Tulikuwa na studio Kasulu mjini. Chumba cha mbele kilikuwa na kiti, meza ndogo na pazia lililochorwa ziwa na milima, kwa sababu watu wa milimani wakipiga picha hutaka kuonekana wako milimani. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza kisicho na dirisha, ambamo Isihaka alisafishia picha kwa taa ya mafuta iliyofunikwa kitambaa chekundu. Kupokea wateja ilikuwa kazi yangu mimi. Niliwafunga vifungo, nikawapaka mafuta usoni, nikawaambia wasikodoe macho kama wameona chui. Yeye aliinama, akabonyeza, akasema ahsante. Tuliishi hivyo miaka mingi na hakuna aliyetuita wacha Mungu kupita kiasi.

Mwaka ule tulikwenda Ujiji kwetu kwenye Maulidi. Shehe mmoja akatoa darsa juu ya kuihisabu nafsi. Alisema mtu asilale kabla hajajiuliza: leo nimemdhulumu nani, nimemsaidia nani, ulimi wangu umemkata nani. Huo ndio muhasaba, alisema. Yalikuwa maneno mazuri. Mimi nililia kule upande wa wanawake, nikaamua kumsamehe wifi yangu, na kweli nilimsamehe kwa karibu wiki nzima. Isihaka hakulia. Alirudi Kasulu amekaa kimya juu ya magunia ya dagaa, na tulipoteremka akaniambia, "Mama Adija, nimeujua muhasaba wangu. Nitapiga picha moja kila asubuhi."

"Ya nani?"

"Si ya mtu. Ya nafsi."

Nikamwambia nafsi haijawahi kuja studio kwetu hata siku moja. Akanitazama kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyonichefua kwanza, kabla ya picha zenyewe.

Akajiwekea kanuni. Aamke, aswali, atoke na kamera, wala asiseme na mtu yeyote mpaka picha ya siku ile ipatikane. Ulimi ukinyamaza, alisema, jicho huanza kusikia. Sijui jicho husikia nini. Macho yangu mimi huona tu na yananitosha. Kamera yake ilikuwa ile ya sanduku, ya kuning'inia kifuani, ambayo unaitazama kwa juu huku umeinamisha shingo. Miaka yote aliinama vile vile mbele ya maharusi wa mji huu, na alikuwa akilalamika kwamba shingo inamuuma. Sasa akagundua kwamba kule kuinama ni unyenyekevu. Shingo ikaacha kumuuma.

Alianza na umande juu ya jani la boga. Akaja kwenye kivuli chake mwenyewe, kisha kizingiti cha mlango wetu, kisha bakuli la uji nililosema, ambalo lilipoa akilizungukia hadi nikalimwagia kuku. Nyuso alizikataa kabisa. "Uso ni majivuno," alisema, mtu ambaye nyuso za watu ndizo zilizomlisha, zikamvika na zikamuoza binti yetu. Baada ya muda akaangukia miguu. Kila asubuhi alisimama njia panda, pale barabara ya Kibondo inapoachana na ile ya Manyovu, akapiga picha miguu ya wapita njia. Miguu haidanganyi, akanieleza. Miguu hutukumbusha tunakokwenda.

Picha zikaanza kupanda ukutani chumbani mwetu, kule nyuma ya studio. Alizibandika kwa uji wa muhogo, juu ya kitanda, na chini ya kila moja akaandika neno kwa kalamu: Shukrani. Subira. Kujitambua. Nikawa nalala chini ya visigino vya watu nisiowajua. Mwalimu Nestori wa shule ya msingi, ambaye hupenda kila jambo asilolielewa, alikuja kuzitazama, akavua viatu mlangoni kana kwamba anaingia msikitini, na yeye ni Mkristo.

"Bwana Isihaka," akasema kwa sauti ya chini, "hapa pana kina."

"Kina gani, mwalimu?" nikamwuliza. "Hicho ni kisigino cha mtu, na kimepasuka. Angepata mafuta angepona."

Wakacheka wote wawili kidogo, kama watu wazima wanavyomcheka mtoto. Nestori akatoka akieneza mjini kwamba studio kwetu kuna jambo la kiroho. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile lilipata wa kulipiga.

Nisiseme uwongo, kazi iliendelea, ila kwa aibu. Filamu zilitoka Kigoma, zilikuja zikija, na mkanda mmoja una picha kumi na mbili tu. Isihaka alizichomeka picha za nafsi yake humo humo katikati ya picha za wateja. Mzee Abdalah wa duka la vitambaa alipokuja kuchukua picha za harusi ya mwanawe, alikuta bibi harusi amekaa, bibi harusi amesimama, kisha mguu wa kuku. Aliushika ule mguu wa kuku mkononi kwa muda mrefu. Akaniuliza kama ni dawa ya kitu fulani. Nilimwomba radhi mimi, si aliyeupiga, kwa sababu aliyeupiga alikuwa ndani akitafakari.

Baada ya miezi kadhaa akanitangazia kwamba amekua. "Najiona nimekua, Mama Adija. Si mtu yule wa zamani." Mwanamume mwenye mvi, ana wajukuu, ananiambia amekua. Nilimtazama juu mpaka chini nione amekua wapi, nikaona kitambi.

Lakini yote hayo ningeyacheka na kuyaacha. Jambo lililonitia hasira ya kweli ni ule unyamavu wa njia panda, na lazima nieleze kwa nini, maana mtu wa pwani au wa Dar es Salaam anaweza kudhani kunyamaza ni adabu. Huku Buha kunyamaza ni tusi. Muha akikutana na mtu njiani husimama. Huinama, hupiga makofi polepole, husema "Mwakeye," na hapo ndipo salamu inapoanza, haiishi. Umelalaje, watu wako wamelalaje, unatoka wapi, kwa nani, unakwenda kwa nani, mvua kwenu imefikia wapi. Nilipoolewa huku nikitoka Ujiji nilizicheka salamu hizo. Sufuria yangu iliungua mara nyingi kwa sababu ya jirani aliyepita kuniamkia. Ila nilijifunza kitu: mkiagana na Muha, unajua jina lake, kilima anachokaa, na ng'ombe wake anaumwa nini. Na Warundi waliokuwa wakivuka mpaka kukimbia mauaji, mwaka ule ukiwa wa pili, walikuwa na desturi hiyo hiyo. Mtu amepoteza nyumba, amezika wanawe porini, lakini akikukuta njiani anainama, anapiga makofi na kukuuliza watu wako wamelalaje.

Watu hao ndio mume wangu aliwapita kila asubuhi bila kuwaitikia, akajitia hamnazo, jicho kwenye sanduku, anatafuta miguu. Nilimwambia, "Baba Adija, watu wanakusalimu." Akanijibu kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi nikamwachia mshindo wake.

Siku mama Mrundi aitwaye Esteri alipoingia, nilikuwa peke yangu mbele. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, msichana mdogo mwenye homa, kichwa kimelala upande. Alipiga makofi kwa shida kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umemshika mtoto. "Amahoro, mama," akasema. Nikamwitikia, nikamkalisha kwenye kiti cha wateja. Hakuja kupiga picha. Alikuja kuomba maji ya kumnywesha mtoto. Lakini salamu ni salamu, nikamwuliza anatoka wapi, naye akanipa yote.

Alikuwa Esteri, wa upande wa Makamba. Mumewe aliitwa Ndihokubwayo. Kilima chao kiliposhambuliwa walikimbia kila mtu na pori lake. Yeye na mtoto walijificha kwa shangazi mpaka njia ikafunguka. Manyovu alikuta watu waliomwona mumewe mzima, anatembea kwa miguu yake, anaelekea Kasulu. Hapo Kasulu habari zikakatika.

"Wenye kumwona wanasema wengi walipakiwa kwa malori, wakapelekwa treni, kwenda kambi ya Ulyankulu, kule Tabora," akasema. "Wengine wanasema hapana, watu wa kilima chetu waliendelea Kibondo. Mimi sijui, mama. Lori ya Ulyankulu inaondoka kesho asubuhi, wanasema nyingine haijulikani lini. Nikipanda na bwana yangu iko Kibondo, nimemwacha nyuma. Nikienda Kibondo na yeye iko Ulyankulu, mtoto hatafika. Huyu hatembei tena. Lazima nichague moja."

Nilimwambia apumzike kwanza. Nikampeleka chumbani amlaze mtoto kitandani, nami nikaenda jikoni kukoroga uji. Nilisikia amepiga ukelele mmoja. Nikadhani mtoto amekufa. Nilikimbia na mwiko mkononi.

Mtoto alikuwa amelala. Esteri alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda changu, uso karibu na ukuta, kidole kwenye picha moja iliyoandikwa Subira. Miguu miwili mikavu, yenye vumbi hadi kwenye vifundo. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake.

"Ni yeye," akasema. "Mama, huyu ni yeye! Mguu huu nimeuosha mimi tangu siku ya ndoa. Alizaliwa hivi. Nani amempiga picha? Alikuwa hapa? Alikwenda wapi?"

Nilifurahi, Mungu ananijua. Kwa dakika chache nilidhani nimekosea, kwamba ule upuuzi wa ukutani ulikuwa na maana na Mola ameutumia. Mungu si Athumani, nikasema moyoni. Nikatoka mbio hadi kwa Mwalimu Nestori, nikamkuta Isihaka amekaa kibarazani akimweleza habari za mwanga, nikamshika mkono kama mtoto aliyetoroka chuoni. Njiani nikamwambia yote. Alipoingia chumbani Esteri alipiga magoti mbele yake.

"Mzee, huyu ni bwana yangu. Ulimwona. Alikwambia nini?"

Isihaka aliitazama picha kwa muda. "Hii ni Subira," akasema.

"Tunasoma," nikamwambia. "Mtu mwenyewe alikwenda njia ipi?"

"Asubuhi ile ilikuwa na ukungu. Nakumbuka vizuri sana. Nilikuwa nina uzito moyoni, na vumbi juu ya miguu ile likaniondolea uzito."

"Baba Adija. Alishika barabara ya Kibondo, au alirudi mjini kwenye malori?"

Akaitazama tena picha, kana kwamba miguu ingetoka pale ukutani imwonyeshe. Haikumwonyesha, ilikuwa imesimama tu, vidole vimemwelekea yeye. "Sikuangalia," akasema mwishowe. "Nikishapiga huwa nafumba macho kidogo."

"Hukumwuliza hata jina?"

"Ule ni wakati wangu wa kimya."

Nimeishi na Isihaka miaka mingi, nimemchukia mara chache na kumdharau mara nyingi za kawaida, kama mke yeyote. Lakini dharau ya siku ile ilikuwa nyingine. Mtu alisimama mbele yake karibu kabisa, mtu mzima mwenye jina na mke na mtoto, na mume wangu akamtumia kuondolea uzito moyoni. Hata fundi wa viatu angeuliza miguu ile inakwenda wapi.

Esteri hakuelewa. Alidhani mzee anajizuia kwa hekima. Alizitazama picha zote ukutani, yale maneno chini yake, zile ndevu za Isihaka zilizoanza kuwa nyeupe, na nikaona anavyomwona: mtu wa Mungu. "Mzee, nisaidie," akasema. "Wewe unaomba sana, naona. Mungu atakuonyesha."

Hapo mtu mwenye aibu angesema sijui. Neno lenyewe ni fupi, halina gharama, na mama wa watu angejua anachagua peke yake. Isihaka akafumba macho. Akaweka kiganja juu ya ile picha. Nilimwambia kwa Kimanyema, lugha ya nyumbani kwetu, kwamba asithubutu. Akathubutu.

"Nimetafakari," akasema alipofumbua macho. "Moyo wangu unaniambia amekwenda Ulyankulu."

"Moyo wako haukuwa njia panda!" nikapaza sauti. "Mwanangu, usimsikilize. Hajui. Miguu ameiona, njia hakuiona."

Lakini nilikuwa mwanamke mwenye mwiko mkononi, na yeye alikuwa mwanamume aliyefumba macho. Esteri alilia, akamshika Isihaka mikono, akaibusu. Usiku ule walilala kwetu, yeye na mtoto. Nilimwuliza kila kitu nilichoweza kumwuliza, jina la baba yake, jina la mtoto, atasafiri na nani, na kila nilipomwambia afikirie tena juu ya Kibondo alinijibu kwa upole kwamba mzee ameonyeshwa. Asubuhi alipanda lori. Isihaka naye alikuja kuwaaga. Alipiga picha kamba ya turubai ilivyofungwa ubavuni mwa lori, na jioni akasema hajawahi kupata picha yenye maana kama ile. Nikamwomba aibandike upande wake wa kitanda.

Kwa majuma yaliyofuata alikuwa mtu mwenye raha. Mwalimu Nestori alizunguka mji mzima na habari ya mama Mrundi aliyeonyeshwa mumewe kwa picha. Watu wawili watatu wakaja studio wakitaka Isihaka awaangalizie watu wao waliopotea. Nikawafukuza. Yeye hakuwaita wala hakuwakataza. Alikaa ndani akisikiliza, nami nilijua anasikiliza. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa amelipiga picha na kulitundika ukutani.

Mvua za vuli zilikuwa zimeshachanganya siku mtu mmoja aliponyata mlangoni, amejifunika gunia kichwani. Alilitoa gunia nje asinilowanishie sakafu. Kisha akachuchumaa pale kizingitini, akapiga makofi, akasema, "Amahoro, mama. Watu wa nyumba hii wameamka?" Nilianza kuitikia huku nikifuta meza. Macho yangu yakashuka chini, ingawa nilijizuia, maana nilikuwa nimelala chini ya miguu ile miezi mingi. Kidole kidogo kilikuwa juu ya mwenzake.

"Wewe ni Ndihokubwayo," nikasema.

Alishika mwimo wa mlango. "Nani amekwambia?"

Nikamkalisha kwenye kiti alichokalia mkewe, nikamwambia. Nilimwambia kwamba Esteri mzima, kwamba mtoto alikuwa na homa lakini alikunywa uji wote na akaomba tena, kwamba ameota magego mawili ya nyuma, kwamba wamepanda lori wakiwa na mama mmoja aitwaye Maximilla wa kilima cha pili kutoka kwao, na kwamba wamekwenda Ulyankulu. Nilimweleza kila kitu ila jambo moja, nani aliyemwambia mkewe Ulyankulu. Hilo nililiacha. Lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa nyuma kwenye chumba cha giza, anasikia.

Ndihokubwayo alilia bila kujificha, akicheka hapo hapo. Akanieleza na yeye. Alikuwa Kasulu akimsubiri Esteri, analala na watu wa kwao katika banda moja. Usiku mmoja wakasikia kwamba wanawake wa kilima chao wameonekana Kibondo. Wenzake wote walikuwa wa kupakiwa asubuhi ile kwenda Tabora, hakubaki wa kumwachia ujumbe. Alfajiri akapata lori la mahindi njia panda, akaenda. Kibondo akawakuta wanawake wa kilima, Esteri hayupo. Alifikia kwa shemeji yake Niyibizi, akamtafuta kambi hadi kambi, mpaka mvua zikaanza.

"Basi Esteri alipita hapa mimi niko Kibondo," akasema, akilipima jambo hilo. "Si mbali, Kibondo. Angekuja tungekuwa pamoja siku ile ile."

Pazia la nyuma likasogea. Isihaka alitoka, mikono inadondosha dawa. Naamini alitoka kwa nia njema. Naamini alitaka kusema ukweli, maana uso wake ulikuwa umeshuka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa anafanana na mume wangu. Alisimama mbele ya mgeni, akamsalimu kwa sauti ya mtu anayeumwa. "Amahoro, ndugu yangu."

Ndihokubwayo aliinuka. Alimtazama Isihaka usoni, akainama akamtazama kwa chini kama mtu anayetafuta kitu, na ghafla uso wake wote ukafunguka.

"Ni wewe!" akasema. "Mzee wa njia panda, mwenye sanduku kifuani. Mama, anasema! Anasikia!"

"Amekuwa akisikia nini?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

"Asubuhi ile ya lori," akasema, na furaha ilimfanya achanganye maneno. "Nilimkuta pale peke yake. Nikasema, huyu ni mtu wa mji, nitamwachia neno. Nikamsalimu, kimya. Nikapiga makofi, nikasalimu tena, kimya. Nikamwambia kwa nguvu, mzee, mke wangu anaitwa Esteri, akipita mwambie niko Kibondo kwa Niyibizi. Hakuinua kichwa. Akanielekezea lile sanduku miguuni. Nikasema, maskini, Mungu amemfunga masikio na ulimi, na yuko peke yake barabarani na mchezo wake. Lori likapiga honi." Akamshika Isihaka mikono yote miwili, pamoja na dawa yake. "Nikakuombea, mzee. Juu ya mahindi, njia nzima, nilikuombea ufunguliwe. Na kule Kibondo kila asubuhi nikimwombea Esteri nilikuombea na wewe. Na leo unanisalimu!"

Isihaka alinitazama. Nilijua anachotaka. Alitaka nipaze sauti, nimtukane, nimvue nguo mbele ya mgeni, maana ningefanya hivyo angepata pa kujificha. Nilikunja kitambaa changu cha kufutia meza, nikangoja. Mgeni naye alingoja, anatabasamu, machozi kwenye ndevu. Kilichotakiwa ni maneno machache tu.

"Amin," akasema mume wangu.

Ndihokubwayo hakutaka kulala. Alisema akitembea haraka atafika Kigoma na kupata treni. Nilimfungia viazi na nguo ya mtoto, nikajitupia kanga, nikamsindikiza mpaka nje ya mji katika mvua. Hakujali mvua. Njia nzima alikuwa akimshukuru Mungu kwa ajili ya mume wangu.